Mkono wa Nyar Karungu

Mjukuu wangu mmoja alikuja likizo na chupa ya mafuta ya nywele. "Babu, haya yanakuza nywele. Rafiki yangu ametumia muhula mmoja tu, zimefika mabegani." Nikamwuliza, "Na bila mafuta, nywele za rafiki yako zingefika wapi?" Akanitazama, akafunga chupa, akaenda kumwonyesha nyanya yake jikoni. Nyanya yake akaagiza chupa mbili. Hayo ndiyo maisha yangu nyumbani, na sina malalamiko, kwa maana nywele za mke wangu ni nzuri. Zilikuwa nzuri hata kabla ya mafuta, ila hilo nimejifunza kulisemea moyoni.

Swali lenyewe si langu. Nilipewa na mzee mmoja wa Kegonga miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, na mimi nikiwa kijana mwenye kaptura ya khaki iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe. Nilikuwa na baiskeli ya serikali, na watu wenye umri wa baba yangu walikuwa wakiniita Bwana Shamba. Sasa nimestaafu na magoti hayataki tena kuruka matuta. Lakini nyinyi mnaoanza kazi, iwe ya shamba, ya hospitali au ya kukaa mbele ya kompyuta, nataka kuwaachia swali hilo kabla sijaondoka nalo. Na ili mjue uzito wake, sharti niwaambie habari za mwanamke mmoja aliyekaribia kunyang'anywa shamba.

Kwanza mzee mwenyewe. Jina lake Chacha, Mkuria, msimamizi wangu. Kiluo chake kilitosha kuombea maji ya kunywa. Kikuria changu hata maji kisingeniletea. Basi tulizungumza Kiswahili, kila mtu na cha kwao, na tulielewana kuliko wengi wa lugha moja. Alikuwa mfupi, mpole, na mwenye tabia moja ya kuudhi: ukimpelekea habari njema hakufurahi mpaka aigeuzegeuze kama mama anayechagua nyanya sokoni.

Siku moja alinichukua Karungu kuangalia pamba. Mwenyeji wetu alikuwa mvuvi mwenye kashamba kidogo juu ya ufuo, akatukaribisha ugali na samaki, ngege wa kuchemsha. Tukiwa tunakula akatuambia, tena kwa uchungu kabisa, kwamba mke wake akimgombeza asubuhi, ziwa linafunga. Harudi na kitu.

Chacha akatoa mwiba mdomoni. "Na siku ambazo hakukugombeza, hujawahi kukosa samaki?"

"Ah, hizo zipo. Hizo ni upepo."

"Na siku alizokugombeza, hukupata hata mara moja?"

Kabla mume hajajibu, sauti ya mkewe ikatoka penye moto wa kupikia: "Ziko nyingi! Siku hizo hurudi anaimba, ugomvi ameusahau, anadai mafuta ya kukaangia!"

Tulicheka mpaka mvuvi mwenyewe akacheka. Njiani Chacha akaniambia, "Yule bwana si mwongo, kijana. Kichwa cha mtu ni kapu lenye tundu. Linalompendeza linabaki, lisilompendeza linadondoka njiani. Sisi tunalipwa kurudi njiani kuokota." Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima, nikidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa hata kidogo.

Nililijua hilo siku alipokuja Profesa.

Alitokea Rodi Kopany siku ya soko, koti jeupe la daktari, baiskeli imepambwa vioo, na sanduku la vichupa vya dawa nyekundu. Jina la Profesa walimpa watu, naye hakulikataa. "Hii si uganga, ndugu zangu! Hii ni sayansi! Loweka mbegu jioni moja tu, mahindi yatakuja nyumbani kwako yenyewe kubisha hodi!" Watu walicheka wakanunua. Nisiwafiche, hata mimi nilimpenda. Alikuwa mcheshi, alimsalimia kila mtu kwa jina la kwao, na hakuwa tapeli. Hilo nalisema mapema, kwa sababu vijana mnadhani sayansi ya uongo huuzwa na waongo peke yao. Yule bwana aliiamini dawa yake kuliko alivyoziamini breki za baiskeli yake. Mbegu za mama yake mzazi alikuwa akiziloweka humo humo.

Na dawa, yawa, jamani, ilionekana inafanya kazi! Kila boma nililoingia msimu ule habari ilikuwa ile ile. Mwenye boma ananunua kichupa, anampa mikayi, ndiye mke wa kwanza, kwa sababu kitu kipya huanzia nyumba yake. Wake wengine wanapanda bila dawa. Ukija wakati wa mavuno, shamba la mikayi linapendeza, mahindi kama mkono wa mtu mzima, na mashamba ya wake wadogo yanasikitisha. Niliona kwa macho yangu, boma baada ya boma. Nikaendesha baiskeli mpaka kwa Chacha, jasho linanitiririka kwa furaha, nikamwambia serikali inunue dawa hii.

Akanimiminia uji. "Umeona waliotumia wamevuna sana."

"Ndiyo, mzee. Na wasiotumia wamevuna kidogo. Nini tena?"

"Na bila dawa je? Mwaka juzi, Profesa hajafika, katika maboma hayo hayo nani alivuna zaidi?"

Sikuwa nimeuliza. Akaniambia nimalize uji, kisha nirudi nikaulize.

Nikarudi, nikianza na boma la Mzee Okelo, nje kidogo ya Rodi, kwa sababu ndiko nilikokuwa nikipewa chai yenye maziwa mengi. Okelo alikuwa mtu wa ng'ombe, mrefu, mwenye kupenda boma lake lisifiwe. Mikayi wake aliitwa Mama Dorka, mwanamke mwenye mwili na maneno machache. Wa pili ni Mama Yunia. Wa tatu alikuwa msichana bado, ana watoto wawili wadogo, na kwa kuwa alitoka ziwani kila mtu alimwita Nyar Karungu, binti wa Karungu. Kwetu mke huitwa kwa kwao mpaka azeeke.

Nilipouliza habari za miaka ya nyuma, Mama Dorka akacheka. "Bwana Shamba, tangu niolewe hapa mimi ndiye ninayevuna zaidi. Hata hiyo dawa ilinikuta navuna."

Basi nikajua Chacha ana haki, dawa si lazima iwe ndiyo sababu. Lakini sababu ni nini? Okelo alikuwa na jibu lake, akanipa bila kuulizwa. "Ni mkono. Dorka ana mkono mzuri. Huyu wa Karungu ana mkono mbaya. Ni mikono ya samaki hiyo, mbegu haziipendi. Nimempa hata dawa ya Profesa msimu wa vuli. Wapi! Nikamwuliza Profesa mwenyewe, akaniambia dawa haikosei, ila mwenye mkono mbaya huiua."

Hapo ndipo niliposikia hatari, wajukuu zangu, ingawa sikujua kuiita kwa jina. Dawa ikifaulu, sifa ni ya dawa. Ikishindwa, lawama ni ya aliyeitumia. Kitu cha namna hiyo hakiwezi kushindwa hata ukikitupa ziwani. Na lawama haikai hewani, humwangukia mtu. Safari hii ilimwangukia mama wa watoto wawili.

"Masika yajayo nampa nafasi ya mwisho," Okelo akasema. "Akishindwa, shamba lake la kijitoni namwongezea Yunia. Huyu akachuuze dagaa wa omena sokoni."

Nyar Karungu alinisubiri njiani, karibu na uzio wa ojuok, ule mti wa maziwa. Alinong'ona haraka, akiangalia nyuma. "Wewe umesoma. Nitazame mikono. Kuna nini hapa?" Akainyoosha yote miwili. Ilikuwa mikono ya mtu anayelima, imekauka, kucha zina udongo. "Nikinyang'anywa shamba, nitakuwa mtu wa kuomba unga kwa wenzangu kila jioni. Na watoto wangu wataitwa wa mama asiye na shamba. Mimi najua kupanda. Napalilia kuliko Yunia. Haki ya Mungu, sijui kwa nini hayatoki."

Nilimhurumia sana. Nikamwambia tutajaribu, nikapanda baiskeli, nikateremka kilima nikiwa na hasira, sijui namkasirikia nani.

Chacha alisikiliza yote. Kisha akasema jaribio litafanywa katika boma lile lile, na Profesa aalikwe. Nilidhani Profesa atakataa. Alikuja amepiga pasi koti! Tukakaa mbele ya nyumba ya Mama Dorka, na Chacha akamwambia kwa adabu sana, "Ndugu yangu, sema leo, kabla mbegu haijaingia ardhini: ukiona nini wakati wa mavuno, utakubali dawa haifanyi kazi?"

Profesa akacheka. Akafikiri. Akaacha kucheka. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Mwishowe akasema, "Nikiona yenye dawa na yasiyo na dawa yanalingana, nitakubali." Chacha akawaomba wote waliokuwepo wayashike maneno hayo.

Mtindo ulikuwa huu, na nawaombeni muushike kwa sababu unafaa hata kwa mafuta ya nywele. Hatukulinganisha mke na mke. Shamba la kila mke tulilikata nusu kwa nusu, kwa kamba. Nusu moja mbegu yenye dawa, nusu nyingine mbegu iliyolowekwa maji yaliyotiwa udongo mwekundu, rangi ile ile. Nusu ipi ipate nini, hatukuchagua, kwa maana mkono wa mtu huchagua pazuri bila yeye kujua. Tulirusha kizibo cha soda. Chacha peke yake ndiye aliyejua mfuko upi una nini, na alikuwa mtu wa siri kama jiwe. Nikawaambia wake wote watatu wapande siku moja, mvua ya kwanza ikishanyesha.

Mvua ikaja. Nikaenda kesho yake nikiwa nimejaa bidii. Mama Dorka alikuwa anapanda, taratibu, na shamba lake ni kubwa. Wenzake wamekaa.

"Mnangoja nini?"

Mama Yunia akanitazama kana kwamba nimeuliza jua linangoja nini. "Mikayi hajamaliza."

Nilimfuata Okelo kwenye zizi, nikapandisha sauti, jambo ambalo kijana hapaswi kufanya. Alinijibu bila hasira. "Wewe kijana, unataka chira iingie kwangu? Mke mdogo hatii mbegu kabla ya mkubwa. Baba yangu aliona hivyo, na babu yangu."

Chira ni ile laana ya kuvunja mila, inayomkondesha mtu mpaka kaburini, na hakuna aliyeichezea. Mimi mila hiyo niliijua kwa masikio tu. Kwetu tulikuwa Wasabato, baba alikuwa na mke mmoja, na mvua ikinyesha mama alipanda asubuhi yake, labda iwe Jumamosi. Basi nilikaa pembeni nikiuma meno. Mama Dorka akapanda, akaitwa kwenye matanga kwao, akarudi, akamaliza. Ndipo Mama Yunia akaanza. Nyar Karungu alipopata zamu yake, mahindi ya mikayi yalikuwa yamefika magotini.

Nikaenda kwa Chacha nikiwa karibu kulia. "Jaribio limekufa, mzee. Wamepanda kila mtu wakati wake. Mila zao zimeharibu kila kitu!"

"Zimeharibu nini? Kila shamba lina nusu mbili, na nusu hizo zimepandwa pamoja. Dawa bado itaonekana kama ipo." Akachokonoa kiko chake. "Lakini hebu niambie wewe, unayejua watu wako. Nyar Karungu hupanda lini kila mwaka?"

"Wa mwisho. Ni lazima awe wa..."

Sikumaliza. Wajukuu zangu, kuna aibu tamu duniani, na hiyo ni mojawapo. Nilikuwa nimezunguka maboma yote yale nikitazama dawa na kutazama mikono, na kitu chenyewe kilikuwa mbele yangu: mikayi hupata dawa kwanza, na mikayi hupanda kwanza. Kila mahali! Anayepanda na mvua ya kwanza hupata nguvu ya udongo ulioamka. Anayechelewa hukuta mvua imeosha nguvu hiyo, na funza wa mabua wamezaana shambani kwa mwenzake wakimsubiri. Nilikuwa nawahubiria watu mambo hayo kila wiki. Sikuwahi kuyaunganisha na foleni ya wake.

"Usishangilie," Chacha akasema. "Sasa na wewe una dawa yako, inaitwa kupanda mapema. Nayo tutaiuliza."

Mavuno yalipofika tulikusanyika tena. Kuna ujanja mdogo wa kupima ambao hamtausoma popote: acheni mistari ya kando, kwa sababu ya kando hupata jua na nafasi kuliko ndugu zake, nayo hudanganya. Tulipukuchua, tukapima kwa debe moja, tukilisawazisha juu kwa kijiti kile kile. Katika shamba la Mama Dorka, nusu zote mbili zililingana. Kwa Mama Yunia, sawasawa. Kwa Nyar Karungu zote mbili zilikuwa duni, na uduni wao ulilingana. Chacha akatangaza mfuko upi ulikuwa na dawa.

Profesa akaanza, "Labda mwezi ulikuwa..." Kisha akawaangalia watu, akakumbuka maneno yake mwenyewe. Akachota konzi ya mahindi kila upande, akayapima mikononi kwa muda mrefu. "Yanalingana," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, si ile ya sokoni. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote za koti jeupe, na nataka mkumbuke kwamba hilo neno moja, lililomtoka kwa taabu, ndilo sayansi. Baadaye alifungua kibanda cha baiskeli pale pale Rodi, akawa fundi hodari, na breki zangu alizirekebisha miaka mingi.

Nikadhani tumemwokoa Nyar Karungu. Wapi! Okelo akasimama, akanyoosha fimbo kwenye rundo dogo la Nyar Karungu. "Dawa si kitu, nimekubali. Lakini mnaona wenyewe mkono wa huyu. Nusu mbili, zote mbaya."

Nikaanza kueleza habari ya kuchelewa. Okelo akanikatiza: maneno ni maneno, na mila haitavunjwa kwa maneno ya mtoto. Nyar Karungu alikuwa amebeba mtoto mgongoni, hakulia, aliangalia chini tu. Shamba lilikuwa linaondoka mbele ya macho yangu, nami sikuwa na kamba wala kizibo cha kulizuia.

Ndipo Mama Dorka alipoinuka. Alipangusa mikono kwenye leso, pole pole.

"Baba Dorka, mila inasema mimi nianze. Nani alisema lazima nimalize?"

Okelo akamtazama.

"Mvua ikinyesha, nitatia mbegu pembeni mwa shamba langu alfajiri. Nitakuwa nimeanza. Mikayi akishaanza, boma limeanza. Wenzangu watanifuata asubuhi hiyo hiyo. Kama kuna chira, iniulize mimi."

"Na huo mkono?"

"Huo nao tuutazame. Nusu ya shamba langu atapanda yeye. Nusu nitapanda mimi. Kwake atapanda yeye mapema, ila kipande kimoja tutakiacha, nije nikipande mimi mwenyewe wakati ule ule mbaya anaopandaga siku zote. Wewe usiingie huko mpaka mavuno. Halafu uje utuonyeshe mkono upi ni upi."

Mkumbuke anayesema hivyo ni mwanamke aliyesifiwa mkono wake maisha yake yote. Kama mwenzake ana mkono mbaya kweli, nusu ya chakula chake inakwenda. Kama hana, sifa yake mwenyewe inakwenda. Hakuwa na la kushinda hapo. Nilimgeukia Chacha, nikaona amevua kofia.

Okelo alikubali, kwa sababu boma lote lilikuwa linamtazama, na pia kwa sababu, nadhani, hakuwahi kumshinda Mama Dorka kwa lolote. Nafasi ya mwisho ikasogezwa masika mengine. Hata mimi sikuambiwa nusu ipi ni ya nani. Wanawake wale watatu waliificha siri ile msimu mzima, na kila nilipopita walinitengenezea chai na kunicheka.

Siku yenyewe Okelo alitembea shambani kwa mikayi, mikono nyuma, kama mnunuzi wa ng'ombe. Akaenda, akarudi. Akachuma hapa, akachuma pale. Mwishowe akasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Huu upande wa mti ni wa Dorka. Mnaona yalivyojaa?"

Mama Yunia ndiye aliyeanza kucheka. Upande wa mti ulikuwa wa Nyar Karungu.

"Twende kwake basi," Okelo akasema, masikio yamemwiva. Kule kijitoni mahindi yalikuwa yamesimama, mazuri ajabu, ila kipande kimoja mwishoni kimedumaa, mabua yametobolewa na funza. Akakielekezea fimbo. "Hiki ni chake. Hapa hamnidanganyi."

"Hicho ni changu, Baba Dorka," mikayi akasema. "Mkono wangu mzuri."

Hapo kicheko kikaisha. Okelo akakaa chini kwenye tuta, mwanaume mzima, fimbo magotini. Kisha akamwita Nyar Karungu kwa jina lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. "Selina. Shamba ni lako. Na la mtoto wako wa kiume baada yako. Nimesema mbele ya mgeni." Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na kwa mtu kama yeye haukuwa mdogo. Nyar Karungu alifunika uso kwa mikono ile ile iliyosemwa, akalia kwa furaha, na watoto wakaogopa wakalia pia. Nami nilijifanya nahesabu mahindi.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nimepima pamba, mtama, karanga, nimekosea mara nyingi nikarekebishwa. Chacha alirudi Kegonga akastaafu kwenye mahindi yake, na nilipomtembelea mara ya mwisho alinipa uji na kuniuliza nina uhakika gani kwamba safari yangu ilikuwa njema kwa sababu ya sala ya mke wangu. Nikamwambia mzee, mengine tuyaache.

Lakini la kuwaachia ni hili. Miaka michache kabla sijastaafu nilipita Rodi Kopany, nikaingia boma la Okelo. Okelo na Mama Dorka walikuwa wamelala makaburini, mbele ya nyumba ile ya mikayi. Nyar Karungu alikuwa nyanya, ameketi kwenye kigoda, na mbele yake kuna mstari wa wanawake vijana wa kijiji kizima, kila mmoja na mbegu kwenye kikapu. Alikuwa akitia mkono kikapuni, anazigusagusa, anamrudishia mwenyewe. Wakienda, wanamwachia sukari, sabuni, majani ya chai.

Nikangoja wamalize. "Selina, nini hii?"

"Wanasema nina mkono mzuri." Hakuthubutu kunitazama. Midomo ilikuwa inamcheza. "Tangu siku ile. Nilijaribu kukataa, Bwana Shamba, hawataki kusikia."

"Na bila mkono wako je?" nikauliza, nusu kwa hasira. Kazi yangu yote ile, mzee wa Kegonga, kamba na vizibo, imeishia kwenye kikapu cha sukari!

Akanivuta karibu, mwanamke mzee sasa, mikono imekunjamana, akaninong'oneza kama alivyoninong'oneza kwenye ua wa ojuok.

"Nyamaza basi. Ninawaambia mkono wangu unafanya kazi mvua ya kwanza tu. Ikipita, umekufa." Akasukuma pakiti ya sukari upande wangu. "Tangu wakati huo, hakuna msichana hapa kijijini anayechelewa kupanda. Chukua hii, umpelekee mke wako."